Je, hewa ya mji wako husafika wikendi? Pima mwenyewe, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale, ila huja na sura tofauti. Mmoja anasema Jumapili anaona vilima vya ng'ambo ya mji ambavyo Jumatano havionekani. Je, hewa imesafika kweli? Mwingine ana kifaa cha kupimia, na Jumapili kimesoma juu kuliko Ijumaa, kwa hiyo anauliza kama kimeharibika. Wa tatu ana pumu, anataka kujua siku gani atembee kwa miguu bila kubanwa kifua. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja.

Jibu la haraka: hakuna "hewa ya wikendi" iliyo moja. Gesi za moshi wa magari hupungua, ozoni mara nyingi hupanda, na vumbi laini huenda lisijali ni siku gani. Ukitaka kujua hali ya mji wako mwenyewe, itabidi uhesabu. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji jioni mbili tatu, subira, na uangalifu katika sehemu chache ambazo nitazieleza kwa kirefu, maana ndizo zinazowaangusha wengi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vipimo vya kila saa vya kichafuzi kimoja, kutoka mahali pamoja, kwa wiki zisizopungua 12. Wiki 26 ni bora, na mwaka mzima ni bora zaidi.
- Kompyuta yenye programu ya majedwali, kama Excel au LibreOffice Calc. Simu inaweza, lakini wiki 26 ni mistari 4,368, na macho yako yataumia.
- Kumbukumbu za mvua na upepo za mahali hapo kwa kipindi hichohicho.
- Kalenda ya sikukuu za mapumziko.
- Daftari la kuandika kila unachokifuta na sababu yake. Usilidharau hili.

Data utaipata wapi? Kwanza tazama kama mamlaka ya mazingira au ya hali ya hewa ya nchi yako ina vituo vinavyotoa vipimo hadharani. Pili, jukwaa la OpenAQ hukusanya vipimo vya wazi kutoka nchi nyingi na kuvitoa bure. Tatu, unaweza kutumia kihisi chako mwenyewe, ilimradi ujue udhaifu wake, na nitaueleza chini.

Jambo moja la kuliweka sawa mapema: chukua kiwango halisi, yaani mikrogramu kwa mita ya ujazo, au sehemu kwa bilioni kwa gesi. Usichukue fahirisi ya ubora wa hewa, ile namba yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu. Fahirisi imetengenezwa kuwaonya watu, na hatua zake hazilingani: kupanda pointi kumi chini si sawa na kupanda pointi kumi juu. Tena mizani yake hubadilishwa. Mwaka 2024 Marekani ilishusha ukomo wa daraja la "nzuri" kwa PM2.5, yaani vumbi laini, kutoka mikrogramu 12 hadi 9. Mtu aliyepanga fahirisi za kabla na baada ya badiliko hilo ataona hewa imeharibika ghafla, kumbe ni mizani tu iliyosogezwa.

Nadharia, kidogo tu

Vichafuzi vitatu vinatosha kuelewa karibu kila utakachokiona.

Dioksidi ya naitrojeni (NO2) hutoka kwenye injini, hasa za dizeli. Mchana wenye jua hudumu hewani kwa saa chache tu, kwa hiyo hufuata foleni za barabarani kama kivuli. Ukitaka kuona tofauti ya siku za kazi na mapumziko kwa uwazi, anza nayo. Mwaka 2003 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha vipimo vya setilaiti vilivyoonyesha kwamba katika maeneo ya Marekani, Ulaya na Japani, NO2 ya Jumapili ilikuwa chini kwa asilimia 25 hadi 50 ikilinganishwa na siku za kazi. Yerusalemu na Makka zilikuwa na mpangilio wao, kila moja kulingana na siku yake ya mapumziko. China haikuonyesha mpangilio wowote wa juma.

Ozoni ya chini, ile iliyo karibu na ardhi tunayoipumua, haitoki kwenye bomba la gari. Hutengenezwa hewani, jua likipiga mchanganyiko wa oksidi za naitrojeni na mivuke ya petroli, rangi na vimumunyishi. Mkemia Arie Haagen-Smit aliuonyesha mchakato huu Los Angeles katika miaka ya 1950. Kinachowachanganya watu ni hiki: moshi mbichi wa injini una monoksidi ya naitrojeni (NO), na gesi hiyo hula ozoni. Jumapili malori yanapopungua, NO hupungua, na ozoni hukosa wa kuila. Katikati ya jiji lenye msongamano, Jumapili inaweza kuwa na ozoni nyingi kuliko Jumatano. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1970, na Los Angeles ndiko lilikochunguzwa sana. Huko kusini mwa California limepungua nguvu kadiri oksidi za naitrojeni zilivyozidi kupunguzwa mwaka hadi mwaka.

PM2.5 ni chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo. Hukaa hewani siku kadhaa na husafiri mbali. Hewa ya Jumapili bado imebeba chembe za Ijumaa na Jumamosi, na pengine za mji mwingine. Ndiyo maana tofauti yake ya juma huwa ndogo, na mara nyingine haipo.

Inatosha. Tuanze kazi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Mfano: "Je, NO2 katika kituo hiki kati ya saa moja na saa tatu asubuhi huwa chini Jumapili kuliko Jumatatu hadi Ijumaa?" Sentensi hiyo imetaja kichafuzi, mahali, saa na siku. "Je, wikendi hewa ni safi?" haijataja chochote, na data yoyote utakayoileta itaweza kuijibu ndiyo au hapana, upendavyo. Iandike kwenye daftari kabla hujafungua faili. Ukishaiona data ndipo utunge swali, utajikuta umetunga lile lenye jibu unalolipenda.

Hatua ya 2: Chagua kituo, au weka kihisi

Kituo kilicho kando ya barabara kuu kitakuonyesha tofauti kubwa. Kilicho ndani ya bustani au kwenye makazi mbali na barabara kitakuonyesha hewa ambayo watu wengi zaidi wanaipumua. Vyote ni halali, lakini usichanganye data zake katika jedwali moja.

Kwa kihisi chako mwenyewe: kiweke nje, penye kivuli, kwenye kimo cha mita mbili hadi nne, mbali na jiko, bomba la jenereta, kiyoyozi na mahali watu wanapovutia sigara. Kihisi cha kwanza nilichokitundika mimi kilikuwa mita moja hivi kutoka dirisha la jikoni. Miezi miwili nilikuwa na grafu nzuri sana inayoonyesha kwamba Jumapili mchana ndiyo saa chafu kuliko zote za juma, nami nikaanza kutafuta maelezo makubwa makubwa. Nilichokuwa nimekipima ni mlo wa familia uliopikwa polepole siku watu wakiwa nyumbani. Nilifuta miezi yote miwili. Iliniuma, lakini hapakuwa na namna ya kuiokoa data ile.

Vihisi vya bei nafuu vya PM2.5 hupima kwa kumulika chembe na mwanga wa leza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunywa maji na kuvimba, na kihisi husoma juu kuliko ukweli. Alfajiri zenye ukungu ndizo mbaya zaidi. Weka kando saa zote zenye unyevu wa zaidi ya asilimia 80, au angalau zihesabu peke yake uone kama jibu linabadilika. Vihisi vya bei nafuu vya NO2 vina tatizo jingine: vingi huitikia pia ozoni. Kwa kuwa ozoni yenyewe hubadilika wikendi, kifaa kama hicho kinaweza kukudanganya palepale unapotaka ukweli. Kwa NO2 tumia kituo rasmi ukiweza.

Hatua ya 3: Pakua data na urekebishe saa

Hapa ndipo wengi huharibu kazi bila kujua. Data nyingi za intaneti huandikwa kwa saa za dunia (UTC), si saa za mahali. Tuseme saa za kwenu ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Foleni ya saa moja asubuhi (07:00) itaonekana kwenye faili ikiwa 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Ukiona kilele cha asubuhi kimesimama saa ambayo barabara zimelala, usitafute sababu barabarani, tazama saa.

Baya zaidi, siku zenyewe huhama. Saa tatu za mwanzo za Jumatatu yenu zitahesabiwa kuwa Jumapili.

Ikiwa safu A ina muda wa UTC, andika kwenye B:

=A2+3/24

Badilisha 3 kwa tofauti ya mahali pako. Kwa waliobaki nyuma ya UTC iwe kutoa. Penye desturi ya kusogeza saa majira ya joto, tofauti hiyo hubadilika mara mbili kwa mwaka, na itabidi uigawe data.

Kisha uliza swali la pili: "08:00" ni mwanzo wa saa au mwisho wake? Vituo vingine huandika wakati saa ilipoanza, vingine ilipoisha. Kama ni mwisho, mstari wa Jumatatu 00:00 ni saa ya mwisho ya Jumapili. Maelezo haya huwa kwenye ukurasa wa msaada wa mtoa data. Yasome.

Na ukisoma kwa Kiswahili, kumbuka kompyuta haihesabu kama sisi: 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Katika daftari langu huandika kwa namba za saa 24 peke yake, nikatafsiri mwishoni ninapowaeleza watu.

Hatua ya 4: Safisha

Tafuta na ufute:

- Namba kama -999 au 9999. Hizo ni alama za "hakuna kipimo".
- Thamani ileile iliyojirudia kwa saa nyingi mfululizo, desimali kwa desimali. Kifaa kimekwama.
- Vilele vya saa moja tu vinavyopanda mara kumi na kushuka, bila vituo vya jirani kuviona. Usivifute kwa sababu ni vikubwa. Vifute ukipata sababu, na uiandike.

Namba hasi ndogo, kama -1 au -2, ni kelele ya kawaida ya kifaa hewa inapokuwa safi sana. Ziache. Ukizifuta zote utapandisha wastani wa saa safi, na saa safi nyingi ni za wikendi.

Unapofuta, acha seli tupu. Usiweke sifuri. Sifuri ni kipimo, ina maana hewa haikuwa na kichafuzi hata kidogo, na wastani wako utazama. Halafu tumia kanuni ya asilimia 75: siku isiyo na angalau saa 18 zenye vipimo, iondoe nzima.

Kama kihisi ni chako, kifungue ukikague. Kuna wakati changu kilianza kuonyesha vilele vya ajabu usiku, siku baada ya siku. Nilipokifungua nilikuta buibui mdogo ametanda utando kwenye tundu la kuvutia hewa, na manyoya ya vumbi yamefunika nusu ya feni. Brashi laini ya rangi ilimaliza tatizo. Tangu hapo hukikagua kila mwezi na kuandika tarehe.

Hatua ya 5: Zipe siku majina

Kwenye safu C weka vipimo. Kwenye D:

=WEEKDAY(B2,2)

Hiyo ,2 ni muhimu. Inaifanya Jumatatu iwe 1 na Jumapili iwe 7. Ukiiacha, programu huanza na Jumapili kuwa 1 na Jumatatu kuwa 2. Kwetu kuna mtego zaidi, kwa kuwa majina yetu ya siku yana hesabu yake: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu. Nimeona jedwali zuri kabisa ambamo mtu aliandika 3 akimaanisha Jumatatu, kompyuta ikampa Jumatano, na kila kitu kikasogea siku mbili. Chukua tarehe moja unayoikumbuka vizuri, uikague kwa macho.

Kwenye E weka saa: =HOUR(B2). Kwenye F weka tarehe ya Jumatatu ya wiki hiyo: =INT(B2)-D2+1. Safu hii ya F itatusaidia katika hatua ya 7.

Sasa amua wikendi ni siku gani. Si kila nchi hupumzika Jumamosi na Jumapili. Saudi Arabia ilihama kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022, huku Ijumaa ikiwa nusu siku. Data inayovuka tarehe kama hizo igawe. Na usiibandike Jumamosi pamoja na Jumapili hata pale ambapo zote ni wikendi, kwa sababu Jumamosi ya miji mingi ni nusu kazi, nusu soko. Iache isimame peke yake: siku za kazi, Jumamosi, Jumapili. Ukizichanganya, Jumamosi itaifuta Jumapili yako nusu.

Sikukuu zinazoangukia katikati ya juma ziondoe kwenye siku za kazi. Usizitupe, zihamishie pembeni, zitakufaa.

Hatua ya 6: Chora siku tatu, saa kwa saa

Tengeneza jedwali la mistari 24 na safu tatu. Kwa Jumapili saa 08:00:

=AVERAGEIFS(C:C,D:D,7,E:E,8)

Kwa siku za kazi weka "<=5" mahali pa 7. Kwa Jumamosi weka 6. Kisha chora grafu yenye mistari mitatu.

Kaa na grafu hii. Naiona ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na watu wanaoruka moja kwa moja kwenda kwenye asilimia hukosa karibu kila kitu. Kwa NO2 karibu na barabara, kwa kawaida utaona vilima viwili vya siku za kazi: asubuhi na jioni. Cha asubuhi huwa kirefu kwa sababu magari mengi hutoka wakati hewa ya chini bado imetulia, jua halijaikoroga, na moshi umefunikwa kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Jumapili kilima hicho cha asubuhi hupungua sana au hupotea. Cha jioni mara nyingi kinabaki, kwa sababu watu hutoka na kurudi hata siku ya mapumziko. Usiku wa manane wa kuamkia Jumapili mstari unaweza kuwa juu ya siku za kazi, kwa ajili ya watu waliochelewa kurudi. Ukiangalia wastani wa saa 24 peke yake, usiku huo na asubuhi ile vitafutana, nawe utasema "tofauti ni ndogo".

Kama unapima ozoni, tazama mchana, kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 7: Hesabu wiki moja moja

Wastani wa jumla unaweza kubebwa na wiki mbili za ajabu. Kwa hiyo linganisha kila Jumapili na siku za kazi za wiki yake. Weka orodha ya tarehe za Jumatatu kwenye safu H, kisha:

=AVERAGEIFS(C:C,F:F,H2,D:D,"<=5")

=AVERAGEIFS(C:C,F:F,H2,D:D,7)

Ukitaka saa za asubuhi tu, ongeza sharti la safu E. Toa moja kwa nyingine, ugawanye kwa wastani wa siku za kazi. Tuseme siku za kazi ni 48 na Jumapili ni 36: tofauti ni 12, sawa na asilimia 25.

Sasa hesabu ni wiki ngapi Jumapili ilikuwa chini. Kama siku haina athari yoyote, ni kama kurusha sarafu: katika wiki 26 utapata kama 13. Ukipata 20 au zaidi, bahati peke yake ingekupa hivyo chini ya mara moja katika mia. Ukipata 15, huna ushahidi bado. Nakusihi usiseme zaidi ya hapo, hata kama wastani wako unapendeza.

Hatua ya 8: Jaribu juma la uongo

Hatua hii naipenda, na sijui kwa nini wengi huiruka. Mwaka unatokana na mzunguko wa dunia kulizunguka jua, na mchana unatokana na dunia kujizungusha. Lakini juma la siku saba ni la watu. Mawingu hayajui Jumapili. Ukiona mpangilio wa siku saba unaodumu hewani, kuna mkono wa mwanadamu.

Kwa hiyo bandika kwenye data juma lisilokuwepo, la siku nane:

=MOD(INT(B2),8)

Utapata namba 0 hadi 7. Linganisha wastani wa kila "siku" kati ya hizi nane. Zinapaswa kukaribiana. Kama tofauti kati yake ni kubwa kama ile uliyoiona kati ya Jumapili na siku za kazi, ulichokipata ni mitikisiko ya hali ya hewa. Ongeza wiki.

Hatua ya 9: Ondoa mvua na upepo

Mvua huosha chembe, upepo hutawanya kila kitu. Jumapili nne zenye mvua ndani ya wiki 12 zinatosha kukupa "wikendi safi" isiyo na uhusiano wowote na magari. Rudia hatua ya 7 ukiwa umeondoa siku zote zenye mvua. Kisha rudia ukiacha tu siku zenye upepo wa wastani unaofanana. Jibu likibaki palepale mara zote, unaweza kulisema kwa sauti.

Na zile sikukuu ulizoziweka pembeni? Zitazame sasa. Sikukuu iliyoangukia Jumanne ni Jumapili ya bandia. Kama grafu yake ya saa inafanana na ya Jumapili kuliko Jumanne nyingine, umepata ushahidi wa pili, na huu ni mzuri kwa sababu haukutegemea hesabu yako ya kwanza. Ndivyo pia miezi ya watu kufungiwa ndani mwaka 2020 ilivyowafundisha wengi: katika miji mingi NO2 ilianguka, na katika baadhi yake ozoni ikapanda, kama Jumapili ndefu isiyoisha.

Tahadhari unapowaeleza watu

Usiseme "salama". Shirika la Afya Duniani (WHO) katika miongozo yake ya mwaka 2021 linapendekeza wastani wa saa 24 usiozidi mikrogramu 15 kwa PM2.5 na 25 kwa NO2, na ozoni isizidi 100 kwa saa nane. Jumapili yako inaweza kuwa chini ya Jumatano kwa theluthi na bado ikawa juu ya viwango hivyo. Sema yote mawili.

Kwa yule mwenye pumu: kama mahali pako panafuata mpangilio wa kawaida, asubuhi ya siku ya mapumziko ndiyo yenye moshi mchache barabarani. Mchana wa jua kali ndio wa kuangalia ozoni, hata barabara zikiwa tupu. Lakini dawa zako na ushauri wa daktari wako havibadilishwi na grafu.

Mambo yakikataa

*Jumapili yangu ni chafu kuliko siku za kazi.* Kama ni ozoni, huenda ni sahihi kabisa. Soma tena nadharia. Kama ni PM2.5, tazama ni saa ngapi. Jioni na usiku, shuku moto wa kuni, mkaa au uchomaji wa taka, ambao mahali pengi huongezeka watu wakiwa nyumbani. Mchana wa mlo, shuku mahali ulipoweka kihisi. Kama ni NO2 mchana kutwa, shuku saa na namba za siku kabla ya kushuku mji.

*Hakuna tofauti yoyote.* Kwa PM2.5 hilo ni jibu halali. Kwa NO2, angalia kama kituo kiko karibu na bandari, kiwanda au mtambo wa umeme unaofanya kazi siku zote saba. Angalia pia kama biashara za eneo hilo hufunga kweli siku ya mapumziko.

*Jumatatu iko chini kuliko Ijumaa, kwa nini?* Kwa vichafuzi vinavyokaa muda mrefu, Jumatatu huanza na hewa ambayo Jumapili imeipumzisha, na Ijumaa hubeba mabaki ya juma zima. Linganisha Jumanne hadi Alhamisi peke yake na Jumapili uone.

*Tofauti ilikuwepo, kisha ikapotea katikati ya mwaka.* Gawa data kwa majira. Wakati wa vumbi litokalo mbali au wa moto wa misitu, PM2.5 ya mbali humeza ya mji. Kisha uliza kama kituo kilihamishwa au kifaa kilibadilishwa.

*Fomula inaleta #DIV/0!.* Hakuna seli iliyotimiza masharti. Mara nyingi ni kwa sababu tarehe zimeingia kama maandishi, hasa zile zenye herufi T na Z katikati, kama 2024-03-05T04:00:00Z. Badilisha T kwa nafasi, futa Z, kisha uiambie programu kwamba safu hiyo ni ya tarehe.

*Vituo viwili vya mji mmoja vinatoa majibu mawili.* Vizuri. Kimoja kiko wapi na kingine wapi? Chora ramani ya barabara, alama kwa alama, na uweke ni kipi kiko upande upepo unakoelekea. Mara nyingi kile cha kando ya barabara kitaonyesha NO2 ikishuka Jumapili, na ozoni ikipanda hapohapo, huku kile cha nje ya mji, upepo unakopeleka moshi wa jiji, kikionyesha badiliko dogo sana. Andika majibu yote mawili, kila moja na jina la mahali pake.